Gari la Mwalimu Alfonsi Lililozaa Oili

Nilitoka Mpanda nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha ya kaki, na kigunia cha karanga nilichopewa na mama nimpelekee shangazi Dar es Salaam. Treni ilitufikisha Tabora, tukalala stesheni siku mbili tukingoja ile ya kutoka Kigoma. Ilipokuja tulipanda kwa kusukumana, ikatubeba mpaka Dodoma, na hapo tukaambiwa mbele reli imesombwa na maji. Wenye nauli walihamia kwenye mabasi mazuri. Sisi wengine tulipanda basi kuukuu ambalo lilipumzika kila baada ya kilima, na baina ya Dodoma na Morogoro vilima havihesabiki. Gairo tulilala. Siku ya tisa tangu niage nyumbani, basi lile lilichemsha Msamvu, mlangoni mwa Morogoro, likamwaga maji yake yote barabarani, likanyamaza.

Dereva alimtuma mtu aite fundi. Akaja mzee mfupi juu ya baiskeli, kofia ya kitambaa kichwani, spana zake zikiwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Hakumuuliza dereva kitu chochote. Alifungua boliti mbili, akachomoa kidude cha shaba kinachotosha kiganjani, akakitia mfuko wa shati. Akafunga, akajaza maji ya ndoo, basi likawaka.

"Hiki kinaitwa themostati," aliwaambia abiria kama anayehubiri. "Kinazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Wazungu wamekiweka kwa ajili ya barafu yao. Sisi joto tunalo la bure."

Abiria walipiga makofi, nami nikapiga. Mimi nilikuwa nimemshikia spana, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu kuliko wengine. Akanitazama.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, mzee."

"Ahaa. Basi wewe mtani wangu, mimi Mluguru. Mali yako ni yangu." Akaninyang'anya kigunia cha karanga, akakifunga kwenye baiskeli yake. "Ukizitaka, zifuate gerejini kwangu, Mafiga."

Nilizifuata. Basi lilikwenda Dar bila mimi, shangazi hakuzila karanga zile hata moja, na mimi nilikaa Morogoro miaka ishirini na mmoja.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaoshika spana sasa, mkiwa bado na mgongo unaokunjika. Wangu ulikataa mapema. Sijafika hata hamsini na tayari naitwa mstaafu, nauza asali Manyoni, na bado nikisikia gari linapita na mkanda unaolia natamani kulisimamisha. Sitawafundisha ufundi wote. Nataka kuwaeleza habari za gari moja tu, lakini siwezi kulifikia moja kwa moja, kwa sababu kosa nililolifanya lilianza siku ile Msamvu nilipopiga makofi.

Mzee Kibwana, ndilo jina la fundi yule, alikuwa mtu wa Mkuyuni, Mwislamu wa kuswali kwa wakati, na mtani asiyechoka. Aliniambia kila asubuhi kwamba sisi Wanyamwezi tulizoea kubeba mizigo ya Waarabu kichwani, kwa hiyo injini nisiiinamie bali niibebe. Nami nilimwambia Waluguru wamejificha milimani hata kodi iliwafikia imechoka. Asiyejua utani angedhani tunagombana. Katika utani hakuna kukasirika, na mtani anaweza kukuambia jambo ambalo ndugu yako hawezi.

Alinifundisha mengi ya kweli. Alinifundisha kuweka bisibisi ndefu kwenye injini na sikio kwenye mpini wake, nikasikia beringi inayolalamika kabla ya mwenyewe kuisikia. Alinifundisha kuifuta boliti kabla ya kuirudisha, na kutomwamini dereva anayesema "imeanza leo asubuhi". Alinifundisha pia kuondoa themostati. Kila gari lililochemsha alilitoa kidude hicho, akakitunga kwenye waya pamoja na vingine kama samaki, na waya ule ulitundikwa ukutani mwa gereji yetu. Wateja wakiuona walijua wamefika kwa fundi. Nilipoachishwa kubeba spana nikaruhusiwa kufungua mwenyewe, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuongeza samaki mmoja kwenye waya.

Na niwe mkweli, kwa magari ya wakati ule ilifaa, au angalau haikuua. Injini ilikuwa chuma kitupu, haikuwa na akili, haikudanganyika.

Halafu yakaja magari yenye akili. Mnayajua, ninyi mmekua nayo. Yale makubwa ya kifahari kutoka Ulaya, viti vya ngozi, dari la kioo, yaliyotumika huko miaka kumi mpaka thamani yake ikaanguka, ndipo mtu wa kwetu akayaona yanalingana kwa bei na kigari kidogo kipya. Bei ya kulinunua inashuka, lakini bei ya kulitengeneza haishuki. Spea yake inabaki kuwa ya tajiri hata gari likiwa la mwalimu. Mkipata mteja anayetaka kununua gari la namna hiyo, mwambieni kabla hajalipa: mzee, una uwezo wa kununua injini nyingine kesho? Kama hana, achukue dogo. Atawachukia siku hiyo, baadaye atawaletea hilo dogo mlihudumie.

Sisi mafundi wa bisibisi na sikio tulibabaika. Niliitwa mara moja mpaka Kisaki, kule reli ya Zambia inakopita, kwa ajili ya gari la namna hiyo lililogoma kuwaka. Nilifungua stata, nikaisafisha, nikaifunga, kimya. Nikafungua pampu ya mafuta. Kimya. Kesho yake adhuhuri nesi wa zahanati aliyekuwa anapita akauliza kama betri ya ile funguo ni nzima. Sikujua kwamba funguo ina betri. Akaenda akaleta ya mzani wake wa kupimia watu, duara bapa kama senti, tukaiweka, gari likawaka hapo hapo. Nesi akaniuliza, "Sasa fundi ni nani?" Nilirudi Morogoro nikanunua mashine ya kupimia, ile ya kuchomeka chini ya usukani ikakusomea ugonjwa. Mzee Kibwana aliiita redio.

Mwalimu Alfonsi alikuja gerejini kwetu mwaka mmoja baada ya kustaafu. Alikuwa Mluguru wa Mgeta, kule juu milimani, Mkatoliki, mrefu, mwenye magoti mabovu na kauli ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. Kiinua mgongo chake alikiweka kwenye gari moja la kifahari, jeusi, la petroli, kubwa kuliko uchochoro wa nyumba yake. Watu wa Mafiga walimcheka. Alinieleza mwenyewe sababu, na nawaeleza kwa kuwa jambo lote limekaa juu yake.

Mama yake, Bibi Koleta, alikuwa anaishi kijijini juu kabisa, na kanisa la misheni liko chini bondeni. Alipokuwa na nguvu alishuka na kupanda kwa miguu kila Jumapili. Miguu ilipokwisha, wajukuu walimbeba kwa machela mara mbili, akakataa ya tatu. Akasema machela ni ya maiti. Pikipiki nayo aliikataa, akisema misa siyo soko, hatapakiwa kama gunia la karoti. Magari madogo hayakuweza ile njia wakati wa mvua. Basi mwanawe akanunua linaloweza. Kila Jumamosi alipanda mlimani, kila Jumapili mama akakaa kiti cha mbele, akashuka kanisani kama askofu. Kijiji kizima kiliisikia injini ikipita, kikajua saa ya misa imekaribia.

Siku alipokuja, gari lilikuwa limeanza kuchemsha likipanda baada ya kijiji cha Langali, njia ya kwenda kwa mama.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye Mnyamwezi?"

"Ndimi, mwalimu."

"Basi leo mtani wangu ana kazi. Ukiliharibu nitakuchapa."

"Ninyi hamna mkono wa kuchapa, mwalimu. Mna mkono wa kuchuma peasi."

Akacheka. Mzee Kibwana akacheka. Nilifungua boneti nikiwa na furaha. Niliona maji ya rejeta yamepungua, nikakaza vibanio vya mipira miwili iliyokuwa na unyevu, sikutafuta zaidi. Kisha nikafanya tunachofanya. Themostati ya gari lile haikuwa kidude cha shaba cha kuchomoa. Ilikuwa ndani ya kikombe cha plastiki pamoja na waya zake, kitu kimoja kizima. Nikakikata cha ndani kwa kisu, nikakichomoa, nikarudisha kikombe kikiwa kitupu. Kilichotoka hakikufanana na samaki wengine kwenye waya, lakini tulikitunga hivyo hivyo.

Gari likapanda Mgeta, mshale wa joto ukalala chini. Mwalimu akanipigia simu akiwa juu kuniambia linapumua kama mtoto. Taa ya injini iliwaka baada ya wiki, akaja, nikachomeka redio yangu. Ikasema injini haipati joto la kutosha. Someni tena sentensi hiyo. Mashine niliyoinunua kwa jasho iliniambia ugonjwa kwa maneno ya wazi, nami nikabonyeza kufuta. "Ni sensa tu, mwalimu, kile kipima joto kinakosea," nikasema. Ilirudi mara nne, nikaifuta mara nne.

Miezi michache baadaye alikuja kunitembelea bila shida yoyote, akaegesha, akasema jambo alilodhani ni la kuchekesha.

"Mtani, gari za watu zinakula oili. Langu linazaa."

"Linazaa?"

"Nimepima mwenyewe. Mwezi uliopita oili ilikuwa katikati ya alama, sasa imevuka juu. Na sijaongeza hata tone."

"Umelipandisha Mgeta, mwalimu. Kila kitu kikifika kwenu kinazaa."

Tulicheka mpaka Mzee Kibwana akaja kuuliza kuna nini, tukamwambia, naye akacheka. Watu watatu wazima, wawili kati yetu tukijiita mafundi, tulisimama tukaicheka oili inayopanda.

Vijana wangu, oili haizai. Ikipanda bila kuongezwa, kuna kitu kingine kimeingia, ama maji ama petroli. Chomoeni kile kijiti cha kupimia, mkinuse, mkisugue kwa vidole viwili. Ni kazi isiyozidi muda wa kupiga chafya. Kijiti kilikuwa hatua mbili kutoka kwangu na sikunyoosha mkono, kwa sababu nilikuwa natafuta utani mwingine wa kumrudishia.

Injini ilikufa Jumamosi moja asubuhi kwenye ule mpando mkali baada ya Langali. Ilianza kugonga kama mtu aliye ndani anataka kutoka, na kabla Mwalimu hajafika pa kuegesha gari ikakamata, haizunguki tena. Tulilivuta mpaka Mafiga kwa lori la viazi. Niliiteremsha injini, nikafungua bakuli la chini, oili ikatoka nyepesi kama maji ya mchele, na harufu yake ilijaza gereji: petroli.

Nilikaa chini juu ya tairi. Kila kitu kilijipanga mbele yangu bila kupimwa na mashine yoyote. Injini ile ilipokosa themostati haikupata joto, na kule Mgeta kuna baridi ya kuvalia makoti. Akili yake iliamini kila siku ni asubuhi, gari limewashwa sasa hivi, ikazidi kumwaga petroli ya kulipasha moto. Petroli iliyozidi ikateremka kwenye oili, oili ikawa maji, beringi zikasagana chuma kwa chuma. Na kuchemsha kulikomleta mwanzoni? Nilipogusa bomba la plastiki lililojificha nyuma ya injini, lilivunjika mkononi kama biskuti. Ufa wake ulikuwa wa zamani. Maji yalikuwa yanavuja pale, polepole, tangu siku ya kwanza. Bomba moja la plastiki. Kuchemsha ilikuwa dalili, nami niliitibu dalili kwa kumkata mgonjwa kiungo kizima.

Mzee Kibwana alikuja akanusa, akaelewa. Alikaa karibu nami.

"Atakuja saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mwambie magari ya mitumba ndivyo yalivyo. Atakubali. Nani hajui?"

Alisema kwa upole, na ninawaomba msimwone mbaya. Alikuwa ananihurumia, na anajihurumia. Na alikuwa sahihi, Mwalimu angekubali, maana Mafiga yote ilikuwa imeshamwambia kwamba gari lile litamfia. Uongo ule ulikuwa umepikwa na mji mzima, mimi ningepakua tu.

Mwalimu Alfonsi aliingia akichechemea, akatazama injini yake ikiwa vipande juu ya magunia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mgonjwa anasemaje?"

Nilikuwa nimekusudia kusema. Mdomo ukakimbilia ulikozoea. "Mwalimu, gari la watu limeona milima yenu, limeamua kustaafu kama wewe."

Hakucheka.

"Mtani," alisema, "utani wa leo uweke pale kwenye benchi. Nimeuliza kama mwenye gari. Nijibu kama fundi."

Sikuwahi kuambiwa hivyo na Mluguru. Kwa miaka yote ile kila neno gumu nililosema mjini pale lilikuwa limevikwa utani, na sasa nilitakiwa kulitoa uchi.

"Nimeliua mimi, mwalimu."

"Eleza."

Nilieleza. Aliniambia nichore, nikachora kwa chaki sakafuni, maji yanapita hapa, hiki kinazuia hapa, nilikikata hapa. Alinikatiza mara mbili kwa sababu sikueleza vizuri. Nilipomaliza akauliza swali ambalo mpaka leo najiuliza kila nikiharibu jambo.

"Hukujua, au hukuangalia?"

Nilifikiri. "Mwanzoni sikujua. Taa iliporudi, na oili ilipopanda, sikuangalia."

"Na aliyekufundisha kutoa hicho kidude?"

Mzee Kibwana alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Aliivaa, akasema adhuhuri imekaribia, akaondoka na baiskeli yake. Adhuhuri ilikuwa bado saa mbili nzima.

"Mama atauliza Jumapili," alisema Mwalimu. Hakuwa akisema nami. "Sasa nimwambie nini?"

Matengenezo yalichukua karibu miezi saba. Injini nyingine ilitafutwa Dar es Salaam, ikapatikana ya gari lililogongwa nyuma, na bei yake sitaitaja, inatosha kusema kwamba Mwalimu alikwenda mlimani kuzungumza na ukoo, na msimu ule viazi na kabichi za ndugu zake viliteremka sokoni kwa ajili ya chuma. Mimi nilitoa mikono yangu na kila nilichokuwa nimeweka. Nilibadilisha mabomba yote ya plastiki hata yaliyoonekana mazima. Mkilifungua gari la namna hiyo lililozeeka, fanyeni hivyo, kwa sababu plastiki haiugui, inakufa tu. Niliweka themostati mpya.

Kwa miezi hiyo Bibi Koleta hakushuka kanisani. Katekista alikuwa anapanda Jumatatu kumsimulia mahubiri, na inasemekana bibi alimkosoa.

Mzee Kibwana hakuniambia neno la utani kwa siku kumi na nne. Aliuliza spana, aliuliza chai, basi. Siku ya kumi na tano tukiwa tunaosha mikono kwa mafuta ya taa akasema, "Ulinivua nguo mbele ya mteja."

"Nilijivua mimi, mzee. Jina lako sikulitaja."

"Nguo zetu ni moja."

Kesho yake nilikuta ule waya wa themostati haupo ukutani. Msumari ulibaki. Tangu hapo, gari likija linachemsha, alikuwa anakaa na dereva kwenye benchi na kumuuliza: linachemsha likipanda au likisimama? Maji unaongeza mara ngapi? Mtu wa miaka sabini akaanza kuuliza. Ninyi mna miaka ishirini, msione haya.

Lakini ukweli una gharama yake, na ningekuwa nawadanganya nikiwaambia ulilipa. Habari zilizunguka mji. Mafundi wenzetu walituundia msemo: ukitaka gari lako life na uambiwe sababu, nenda Mafiga. Wateja waliokuwa wanatusubiri tangu alfajiri walipungua, kisha wakakoma. Mafundi waliowaficha wateja ukweli walijaza yadi zao. Siku moja nilitazama uani nikaona magari mawili, na moja lilikuwa la kwetu lisilo na magurudumu. Mzee hakunifukuza. Angenifukuza ningebaki kwa ubishi. Aliendelea kuninunulia chai, na hilo ndilo lililonionyesha kwamba niondoke, maana mji haukuwa unakumbuka jina lake katika kisa kile, ulikumbuka "yule Mnyamwezi". Mimi nikitoka, kisa kingetoka nami. Na miguu yangu, nikiri, ilikuwa imeanza kuwasha.

Nilimwambia Mwalimu peke yake. Akasema nisiondoke kabla sijalisikia gari likipanda. Basi Jumamosi ya mwisho nilipanda naye Mgeta, begi langu likiwa nyuma. Nilimkuta Bibi Koleta amekaa kwenye kiti kidogo jikoni, mdogo kama mtoto wa darasa la pili, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu?" alimuuliza mwanawe. "Nilidhani mkubwa. Gari kubwa namna ile limeuawa na mtu mwembamba hivi?"

"Niliviziwa na usingizi, bibi."

"Wanyamwezi mnalala mkitembea. Kula."

Asubuhi ya Jumapili kulikuwa na ukungu. Mwalimu aliwasha gari mapema likapata joto, majirani wakatoka milangoni kutazama. Bibi alipandishwa kiti cha mbele, akaweka rozari na pochi mapajani. Mimi nilikaa nyuma katikati, nimeinamia mbele, macho kwenye mshale wa joto. Ulipanda taratibu, ukafika katikati, ukasimama. Kona ya kwanza ulikuwa pale. Kona ya tano ulikuwa pale.

"Huyu anapumulia shingo yangu," bibi alisema. "Anatazama nini muda wote?"

"Mshale, bibi."

"Umefanyaje?"

"Umekaa katikati."

"Sasa si ndiyo mlitaka? Kaa nyuma."

Nikakaa nyuma.

Kanisani watu walikuwa wanaingia. Nilishusha begi langu. Mwalimu alinipa mkono, akaushika muda mrefu.

"Likisumbua nimpelekee nani?"

"Mzee Kibwana. Siku hizi anauliza kabla hajafungua."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda upande wa pili kumshusha mama. Bibi Koleta aliposimama chini aliliona begi.

"Na hili? Huingii misa?"

"Naondoka, bibi."

"Unarudi lini?"

"Sidhani kama narudi."

Alinitazama kutoka chini, mkono mmoja umeshika mlango wa gari.

"Uliniibia Jumapili ishirini na nane," alisema. "Nilikuwa nazihesabu kwa punje za mahindi. Mungu akiniuliza zilikuwa wapi, nitakutaja."

"Utamwambia nini, bibi?"

"Nitamwambia alizichukua Mnyamwezi." Akalishika bega la mwanawe, akaanza kupanda ngazi, moja, akapumzika, ya pili. Kwenye ya tatu akageuka. "Na nitamwambia alisema mwenyewe."

Kengele ikalia. Wakaingia ndani, nami nikateremka kwenda barabarani kutafuta gari la kunishusha.